Nakala Tatu Mbovu, Moja Nzima: Programu za Bure na DVD za Ulyankulu

Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka 1972 kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka ule nchini kwao. Yako kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora, leo ndani ya Wilaya ya Kaliua, na pamoja na Katumba na Mishamo ndiyo makazi matatu makongwe ya Warundi nchini Tanzania. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wake waliishi wakiitwa wakimbizi huku wakilima tumbaku na mahindi, wakijenga shule na makanisa, wakioana na kuzikana, hadi serikali ilipotangaza mwaka 2010 kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu. Historia yao ya maandishi imo katika mafaili ya serikali na ripoti za mashirika ya wakimbizi. Historia yao ya sura na sauti iko kabatini chini ya televisheni, ndani ya makava ya plastiki yaliyopasuka: DVD ya harusi, DVD ya mahafali, DVD ya mazishi ya mzee, VCD ya kwaya.

Na kwaya hapa si jambo dogo. Msikilizaji wa nyimbo za injili aliyekulia Tanzania katika zama za kaseti na DVD analijua jina la kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, hata kama hajawahi kukanyaga Tabora. Kwaya za makazi haya zilirekodi, zikashuti video, zikauza nakala mlangoni mwa kanisa na kwenye mikutano ya injili. Mauzo yalipoisha, zilizobaki ni nakala za majumbani, ambazo nyingi leo zinakwama katikati ya wimbo wa tatu.

Programu za bure za kunakili, kubana na kuchoma DVD zimesemwa kwa miaka mingi kama silaha za maharamia. Mimi nashikilia kwamba, kwa mahali kama Ulyankulu, hizo ndizo zana pekee zilizo ndani ya uwezo wa kawaida za kuokoa kumbukumbu hii. Lakini si zote zinazofaa, na kazi iliyo mbele yetu si ile iliyozipa umaarufu. Zamani watu walitaka kuchoma. Sasa kazi ni kusoma kilichokwisha kuchomwa kabla hakijafutika.

Njia iliyozileta diski hizi ni kongwe. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilibeba pembe hadi Bagamoyo na kurudi na shanga, nyaya za shaba na kitambaa cha merikani, na mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu zake kwa kuishika njia ya kati ya Tabora na Ujiji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Deki za DVD na diski tupu zilifuata mkondo uleule: kutoka viwanda vya China hadi Kariakoo, kutoka Kariakoo kwa basi au treni hadi Tabora, Urambo na Kaliua, kisha juu ya pikipiki hadi kwenye senta za biashara za makazi. Deki za bei ndogo na televisheni za volti 12 ziliwaka kwa betri na sola, na mpiga video mwenye kamera moja na kompyuta moja akawa mtu muhimu katika kila sherehe.

Ili kuelewa programu hizi zilitengenezwa kutatua nini, inabidi kwanza kuitazama diski yenyewe. VCD, iliyosanifiwa mwaka 1993, ni CD ya kawaida iliyobeba picha za mfumo wa MPEG-1, nukta 352 kwa 288, kwa muda wa dakika 74 hivi. Ndiyo maana filamu ndefu ilikuja katika VCD mbili. DVD ilileta MPEG-2 na picha kali zaidi, na ina sura mbili zinazotuhusu: ya tabaka moja yenye gigabaiti 4.7, na ya tabaka mbili yenye gigabaiti 8.5. Studio kubwa za filamu zilipenda tabaka mbili. Diski tupu inayouzwa dukani kwa bei ya kila mtu ni ya tabaka moja. Gigabaiti nane hazikai mahali pa nne na nusu, na hapo ndipo hitaji la kubana lilipozaliwa.

Aliyelijibu hitaji hilo vizuri kuliko wote ni DVD Shrink. Programu hii ndogo ya bure haikuitengeneza video upya tangu mwanzo, kazi ambayo kwa kompyuta za wakati ule ingechukua usiku kucha. Iliipitia MPEG-2 iliyopo na kupunguza undani wa kila picha kwa kadiri ilivyotakiwa, hata DVD iliyojaa ikashuka hadi kiasi cha asilimia 55 ya ukubwa wake. Ilikuwa pia na njia ya pili ambayo wengi hawakuijali: kuacha nje menyu, matangazo na sauti za lugha ambazo mtazamaji hazihitaji, na kubakiza filamu yenyewe. Njia hiyo ndiyo bora. Kuondoa usichokihitaji hakuidhuru picha, lakini kubana kupita kiasi huacha vijisanduku vinavyotetemeka kwenye kila sura inayocheza, na kwaya ni watu wanaocheza. Mchomaji aliyebana video mbili za kwaya zikae katika DVD moja aliokoa bei ya diski moja na kuharibu kazi mbili.

Toleo la mwisho la DVD Shrink lilitoka mwaka 2004. Mwenzake, DVD Decrypter, aliyekuwa akivunja kufuli la diski za studio, alisimamishwa mwaka 2005 baada ya mtunzi wake kubanwa kisheria. Mtunzi huyohuyo alitoa ImgBurn, programu ya kuchoma ambayo hata leo mafundi wengi wanaiamini; toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013, na kifurushi cha kulisakinisha kilikuja kimefungwa pamoja na programu za matangazo ambazo mtu asiyesoma kila dirisha anaziingiza bila kujua. Programu zote tatu zilitolewa bila malipo. Hakuna hata moja iliyotolewa na msimbo wake, kwa hiyo mtunzi mmoja alipochoka au kutishwa, hakuna aliyeweza kuiendeleza kazi yake. Mtu wa Ulyankulu anayezitafuta leo anaziokota kwenye flashi zilizopita mikono mingi, mara nyingi pamoja na virusi.

Upande wa pili wako waliotoa msimbo. VLC ilianza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale ya Paris mwaka 1996, na tangu mwaka 2001 msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL. HandBrake iliandikwa mwaka 2003 na Eric Petit kwa ajili ya BeOS, mfumo wa kompyuta ambao haupo tena sokoni. Mfumo ukafa, mwanzilishi akaondoka, lakini kazi ikaokotwa na wengine, na toleo 1.0 likatoka Desemba 2016, baada ya miaka kumi na mitatu. Zote mbili zinasimama juu ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000 na kubebwa tangu hapo na mamia ya watu. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi kitu kwa ajili ya wajukuu, tofauti hii ina uzito zaidi kuliko uzuri wa menyu yoyote. Faili lililotengenezwa kwa programu yenye msimbo wazi litapata wa kulifungua hata baada ya wote walioiandika kustaafu.

Kuhusu kufuli: filamu za studio kubwa zimefungwa kwa mfumo uitwao CSS, wenye ufunguo wa biti 40 tu. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alihusika kutoa programu ya kuufungua. Alishtakiwa, akaachiwa huru Januari 2003, na mahakama ya rufani ikathibitisha hukumu hiyo Desemba mwaka huohuo, kwa hoja kwamba mtu aliyenunua diski ana haki ya kuitazama kwa kifaa chake. Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1998, ilifuata njia tofauti na kuzibana programu za namna hiyo. Mjadala ule ulikuwa mkubwa, lakini kwetu unapita pembeni. DVD ya harusi iliyochomwa senta haina kufuli, wala haina namba ya kanda ile inayozifanya diski za Marekani zikataliwe na deki za Afrika. Anayetaka kuinakili hahitaji kuvunja chochote.

Anachohitaji ni ruhusa, kama kazi si yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha taasisi ya hakimiliki, COSOTA, inailinda kazi ya kwaya sawasawa na inavyoilinda filamu ya Dar es Salaam. Uharamia uliumiza watu halisi. Filamu za Kitanzania za zama za mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki 7 Aprili 2012, ziliishi kwa mauzo ya diski, na serikali ilipoanza mwaka 2013 kudai stempu ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye kila CD na DVD ya muziki na filamu, ilikuwa imekubali kwamba soko limejaa nakala zisizo na mwenyewe. Hata hivyo lawama iliangukia mahali pasipo pake pale watu waliposema programu za bure ndizo zilizoleta janga. Uharamia wa jumla ulifanywa kwa mashine za kudurufu, zile zenye safu ya vichomeo vinavyonakili diski nyingi kwa mara moja bila kompyuta yoyote. Nazo diski za filamu kumi, ishirini katika moja zilikuja zimepigwa chapa kiwandani. Kijana wa senta aliyewanakilia majirani alishiriki kosa, na sitamtetea, lakini kumnyang'anya programu kusingemrudishia msanii shilingi yake.

Sasa turudi kabatini. Diski iliyochomwa si sawa na iliyopigwa chapa. Ya kiwandani ina vishimo vilivyofinyangwa ndani ya plastiki, na ya kuchoma ina rangi ya kikemikali iliyobadilishwa na leza. Rangi hiyo huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na nyumba ya bati ya Tabora mwezi Oktoba ina viwili vya mwanzo kwa wingi, kisha msimu wa mvua huleta cha tatu. Diski ya chapa nzuri iliyotunzwa gizani hukaa miaka mingi. Ile ya bei ya chini iliyolala juu ya deki yenye moto inaweza kuanza kugoma ndani ya miaka michache. Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaijui. Katika CD, utando unaoakisi mwanga uko juu kabisa, chini ya vanishi nyembamba upande wa jina, kwa hiyo kuandika kwa kalamu ya bic kwenye CD ni kukwaruza kumbukumbu yenyewe. DVD imebanwa kati ya sahani mbili za plastiki za milimita 0.6 kila moja, hivyo ni salama kidogo upande huo, ila karatasi ya kubandika huipinda na kuifanya iyumbe kwenye deki.

Kwa diski iliyokwaruzika, mtu huiingiza kwenye kompyuta, anajaribu kunakili, kompyuta inaganda, anaitoa na kuitupa. Asitupe. Ipo programu ya bure, yenye msimbo wazi, iitwayo GNU ddrescue, kazi ya Antonio Diaz Diaz tangu mwaka 2004, na kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote nilizozitaja. Inaisoma diski sekta kwa sekta, kila sekta baiti 2,048. DVD ya tabaka moja ina sekta kama milioni 2.3. Ikikutana na mahali pabovu haigandi, inaruka, inasoma kwanza kila kinachosomeka, halafu inarudi kwenye mashimo na kuyajaribu tena. Wakati wote inaandika ramani pembeni ya kipi kimepatikana na kipi bado. Umeme ukikatika, kazi inaanza pale ilipokomea. Kwa mahali panapotegemea sola, hilo peke yake linatosha kuipendekeza.

Lakini uwezo wake mkubwa uko kwingine. Ikiwa una nakala mbili au tatu za diski ileile, zote mbovu, unaweza kuipa ddrescue ya kwanza, kisha ya pili kwa faili lilelile na ramani ileile, kisha ya tatu. Kila moja inaziba mashimo ya mwenzake. Mkwaruzo wa nyumba moja hauangukii pale ulipoangukia wa nyumba nyingine, kwa hiyo nakala tatu zisizochezeka kwenye deki mara nyingi hutoa moja nzima isiyo na kosa. Sharti ni kwamba zote ziwe zimetoka kwa mama mmoja, yaani zimedurufiwa kutoka diski au faili moja. Kama jumla ya ukubwa wake hailingani hadi baiti ya mwisho, hazifai kuchanganywa. DVD za kwaya zilizouzwa kwa mamia mara nyingi zinatimiza sharti hilo. Video ya kwaya iliyotawanyika katika kaya mia, kila kaya ikiwa na nakala inayogoma, haijapotea. Imegawanyika tu, na jumuiya inayojuana kwa majina inaweza kuikusanya kuliko maktaba yoyote ya mjini.

ddrescue haina madirisha ya kubofya. Inaandikiwa amri, na inakaa kwenye Linux. Hilo lisimtishe fundi: kuna mifumo kama SystemRescue inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows iliyomo, na amri zinazohitajika ni mbili au tatu, zinazoweza kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. VCD ni kazi ngumu zaidi. Sekta zake za video ziliachiliwa ulinzi wa ziada wa kurekebisha makosa ili zibebe baiti 2,324, kwa hiyo mkwaruzo mdogo unaonekana mara moja, na ddrescue haizisomi inavyopaswa. Hapo tumia GNU VCDImager, ambayo ina zana ya kutoa video kwenye VCD, au VLC, na ujaribu vichomeo tofauti, kwa kuwa kimoja husoma kile ambacho kingine kimekataa.

Faili likishapatikana, liache kama lilivyo. Hii ndiyo nakala ya kuhifadhi, na hapa kubana ni kosa. Ya kutazama na kusambaza itengenezwe pembeni kwa HandBrake, kwa mfumo wa H.264 ambao simu karibu zote zinausoma. DVD ya saa mbili inashuka hadi gigabaiti moja au moja na nusu bila jicho la kawaida kuona tofauti. Video za kamera za zamani zilirekodiwa kwa mistari ya kupishana, kwa hiyo usisahau kuwasha kichujio cha kuiunganisha, la sivyo kila mkono unaopunga utatoka na meno kama ya chanuo. Ndugu aliye Marekani atumiwe faili hili badala ya DVD, maana deki za kule zinafuata mfumo wa NTSC na sisi tunafuata PAL.

Kuchoma bado kuna nafasi yake, kwa kina bibi na kina babu wenye deki na wasio na simu kubwa. Anayechoma atumie K3b kwenye Linux, au DVDStyler kutengeneza menyu, asikimbilie kasi ya 16. Kwa kasi ya 8 diski inamaliza kwa dakika tisa hivi badala ya sita, na kwa diski za bei ya chini dakika hizo tatu mara nyingi ndizo zinazotofautisha inayocheza na inayokwama. Aifunge diski mwishoni, maana isiyofungwa deki nyingi haziitambui, na aache programu iihakiki kabla ya kuikabidhi.

Gharama si kubwa. DVD mia moja zilizojaa ni gigabaiti 470, hivyo diski ngumu moja ya terabaiti moja inameza zaidi ya mia mbili. Zinunuliwe mbili, moja ikae ofisi ya kanisa na nyingine mji mwingine, Tabora au Kaliua, kwa mtu anayeaminika, maana moto au mwizi haendi mahali pawili usiku mmoja. Programu zote ni bure. Kinachopungua kwa kasi ni vichomeo: kompyuta mpya haziji navyo, na vilivyopo vinachakaa lenzi.

Kwa hiyo naziomba kamati za kwaya za Ulyankulu, Katumba na Mishamo: mwaka huu, kabla ya msimu wa mvua, tangazeni kanisani kila nyumba ilete DVD na VCD zake za kwaya, hata zinazogoma, hasa zinazogoma. Ziandikeni jina la mwenye nyumba kwenye kava, si kwenye diski. Mpeni kazi kijana mmoja anayejua kompyuta, mlipeni, na mpatieni kichomeo kizima na diski ngumu mbili. Na wapiga video wenye mafaili ya harusi na misiba ya watu kwenye kompyuta zao za zamani, msiyafute kabla hamjawaita wenyewe kuja kuyachukua.